Kipimo Huanza na Sampuli: Mazungumzo na Vikundi vya Akina Mama



Leo tunazungumza juu ya kansa ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, iliua akina mama zaidi ya 3,000 hapa Kenya. Lakini ugonjwa huu hukua polepole, kwa miaka mingi. Ukionekana mapema, hutibika.

Mmeambiwa mara nyingi, "Nendeni mkapimwe." Vyema. Ila tuongeze neno moja: maabara husoma kile ilicholetewa tu. Ninyi wafugaji mwajua, maziwa yakikamuliwa katika chombo kichafu, hata chama hakiwezi kuyasafisha.

Katika kipimo cha Pap, muuguzi hutumia brashi ndogo kuchukua chembechembe pale mlangoni mwa kizazi, mahali ambapo kansa huanzia. Huzipaka kwenye kioo na kuzitia spiriti papo hapo, kabla hazijakauka. Zikiwa chache, zikikauka, au zikifunikwa na damu, hazisomeki. Na kioo kisicho na jina hakina mwenyewe.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mama asiende akiwa mwezini. Siku 2 kabla ya kipimo asijioshe ndani, asitie dawa ukeni, wala asilale na mumewe.

Pili, kabla ya kutoka chumbani, ahakikishe sampuli imeandikwa jina lake sawasawa. Kuuliza si utovu wa adabu.

Tatu, aulize majibu yatatoka lini, ayafuate. Akiambiwa, "Sampuli haikufaa, rudi," asiogope. Hiyo si kusema ana kansa. Lakini pia si kusema ni mzima! Hajapimwa bado. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi: mama anakaa nyumbani akidhani mambo ni sawa, kumbe ugonjwa unaendelea.

Akina baba, safari ya pili ina nauli yake. Msiseme, "Si ulienda juzi?" Na vikundi, tunawaomba mtenge pesa kidogo katika mchango wenu kwa ajili ya mama aliyeitwa tena, na siri yake itunzwe.

Kwenda kupimwa ni hatua ya kwanza. Kazi haijaisha mpaka jibu linalosomeka liwe mkononi.

Sasa tuulizane maswali.