Kidonda Kisichopona: Safari ya Matibabu ya Saratani ya Ngozi kutoka Njombe na Makambako

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya kamati za parokia za Njombe na Makambako)



Tunaomba kuanza kwa kukiri kosa letu. Kwa miezi mingi tulikuwa tukimtembelea baba mmoja mwenye ualbino, mkulima wa viazi karibu na Makambako. Tulimpelekea mbegu na mbolea. Kila tulipofika alikuwa amefunga kitambaa sikioni, chini ya kofia, nasi tukadhani ni baridi. Hatukuuliza. Siku alipokifungua mwenyewe, kidonda kilikuwa kimekwisha kula nusu ya sikio. Daktari alipomuuliza kilianza lini, alijibu: miaka miwili iliyopita. Jibu hilo lilituchoma, maana muda mwingi kati ya hiyo miaka miwili sisi tulikuwa tukiingia nyumbani kwake.

Ndiyo sababu leo tunazungumzia saratani ya ngozi.

Wengi wetu husema kuwa Njombe ni baridi, kwa hiyo jua lake haliunguzi. Si kweli. Kinachoharibu ngozi si joto bali ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila tunapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko juu ya mita 1,800. Mtu huvaa sweta akapata joto, lakini uso, masikio, shingo na mikono hubaki wazi shambani kutwa nzima. Mwenye ualbino hana rangi ya kumkinga, hivyo yeye huumia wa kwanza. Ngozi huanza kuwa na magamba magumu, kisha hutokea kidonda kidogo kinachokauka na kurudi.

Hata hivyo, ugonjwa huu si wa wenye ualbino peke yao. Kuna saratani ya Kaposi, inayotokea zaidi kwa watu wanaoishi na VVU. Hujitokeza kama madoa au uvimbe wa rangi ya zambarau au nyeusi miguuni au kinywani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa mkoa wetu unaongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, kwa hiyo jambo hili linatuhusu. Kuna pia doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha mguu. Na kuna makovu ya zamani ya moto. Huku kwetu watoto huota moto jikoni na wengine huungua. Kovu linalochimbika na kuwa kidonda miaka mingi baadaye lisidharauliwe.

Sasa mgonjwa aende wapi? Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe barua ya rufaa. Mkoani kwetu tunazo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kibena, Ilembula na Ikonda. Daktari hukata kinyama kidogo, nacho hupimwa maabara. Bila majibu hayo hakuna anayejua kwa hakika anatibu nini. Kidonda kikiwa kidogo, mara nyingi hukatwa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kikiwa kikubwa, huhitaji upasuaji mkubwa, pengine Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwenye Kaposi hutumia dawa za kufubaza VVU, na akihitaji huongezewa dripu za dawa za saratani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu zetu, njia ipo. Kinachowakwamisha watu wetu ni nauli, woga na kukosa wa kuwasindikiza. Wenye ualbino wengi hawaoni vizuri. Kumwambia mtu kama huyo apande basi peke yake kwenda Dar es Salaam ni kumwambia asiende.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogondogo iulize, kwa upole na faraghani, juu ya kidonda chochote kilichozidi mwezi mmoja bila kupona. Pili, kila parokia itenge mfuko mdogo wa nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, pamoja na gharama ya kupima kinyama. Wafadhili wetu, hapa ndipo mchango wenu unapookoa maisha kwa fedha kidogo. Tatu, tuwapatie wenye ualbino kofia za ukingo mpana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua. Mafuta ya Kilisun yalianzishwa huko Moshi, KCMC, kwa ajili yao. Tukumbuke kuwa mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi hayazuii mionzi.

Yule baba alifanyiwa upasuaji na yu hai. Miwani yake huifunga kwa kamba kisogoni, kwa kuwa upande mmoja hauna pa kuishikia. Kila tunapoiona kamba ile tunakumbuka kuwa tungeweza kuuliza mapema.