Tulivyojifunza kuchora mashua na maji
(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya Thika na Ruiru)

Sisi tunaochora kadi za kuuza tumeombwa tueleze tulivyojifunza. Tutasema ukweli, hata ule wa aibu.

Tulikopa kwa mfuko wa kikundi, tukanunua karatasi, brashi na rangi za maji. Kadi za kwanza tulichora mashua kwa wino wa kawaida, halafu tukapaka rangi juu. Wino ukatoka, kadi zote zikawa matope! Wengine wakasema heri turudi kwa kuku.

Basi tukaenda Fourteen Falls, kwa Mto Athi, pale vijana huvusha wageni kwa mashua. Hatukuchora. Tuliketi tukatazama. Kumbe maji si buluu tu: yana rangi ya udongo na ya mbingu. Picha ya mashua majini hukaa chini yake moja kwa moja, na maji yakitikisika hukatika vipande. Povu nalo halipakwi. Ni karatasi nyeupe iliyoachwa.

Sasa tunafanya hivi: penseli kidogo, kisha rangi hafifu, tunangoja ikauke kabisa, ndipo rangi nzito. Wino ni wa mwisho. Ukitangulia, uwe ule usiotoka kwa maji.

Kadi zimeanza kununuliwa, na deni tunalipa pole pole. Kwa hivyo, wenzetu wa Ruiru, msikimbilie duka. Mto mnao. Anzeni kwa kuutazama.