Ada ya Choo na Kodi ya Nyumba katika Baraza la Madiwani
Kata ya Kituntu, iliyomo wilayani Karagwe, huwakilishwa na diwani wake katika baraza la madiwani, ambalo kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa, Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, hutunga sheria ndogo, yaani kanuni za halmashauri zinazoanza kutumika baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa pingamizi na waziri mwenye dhamana kuziridhia. Kuhusu kodi ya pango mamlaka hayo ni finyu, kwani sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, na halmashauri hupanga bei ya majengo yake yenyewe tu. Ada ya choo cha umma, ambayo huonekana jambo dogo, ndiyo inayostahili mjadala mrefu zaidi: abiria hulipa mara moja akaendelea na safari, ilhali mama anayeuza ndizi gulioni tangu asubuhi hulipa kila aingiapo chooni, pengine kabla hajauza mkungu mmoja. Tena, choo kikikabidhiwa kwa mzabuni, yaani mtu anayelipa halmashauri kiasi maalumu na kubaki na ziada, maji na sabuni hutegemea masharti ya mkataba, ambao wauzaji wa gulioni ni nadra kuuona.