Midomo ya Majani Katika Nchi Kame

Wasikilizaji wangu, msafiri apitaye nchi ya Turkana wakati wa kiangazi huona jambo la ajabu. Nyasi zimekauka zote, udongo umekuwa mgumu kama kigae. Lakini kando ya mto usio na maji kichaka cha mswaki kingali kibichi, na ngamia anakula majani yake. Huko Lodwar mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki inchi 10. Kichaka hiki chaishije?

Wengi hujibu upesi kwamba ni mizizi. Wamesema kweli, lakini nusu tu. Maji yakiletwa na mizizi kisha yakatoroka yote majanini, faida yake nini?

Kila jani lina vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, navyo ni kama midomo. Kwa midomo hiyo mmea huvuta sehemu ya hewa iitwayo kaboni dioksidi. Huichanganya na maji kwa nguvu ya jua, ukajipatia sukari, ndiyo chakula chake. Lakini mdomo uliofunguliwa kuingiza hewa hutoa maji kwa mvuke. Basi katika ukame mmea umo taabuni: ukifungua midomo hufa kwa kiu, ukiifunga siku zote hufa kwa njaa.

Wanafunzi wangu hawakusadiki. Nikawaambia wakate majani mawili ya mwembe yaliyo sawa, wayapake mafuta mazito, moja upande wa juu, la pili upande wa chini, na yote mawili penye kikonyo, kisha wayatundike kwa uzi. Lililopakwa juu lilinyauka kwanza. Mmoja akapiga kelele, "Kumbe midomo iko chini!" Naam, kwa mwembe ndivyo ilivyo.

Sasa tutazame vichaka vya nyika. Jani la mswaki ni nene, lina akiba ya maji ndani, na ngozi yake ina nta, hata maji hayapati njia ila kwa midomo, nayo hufungika. Mgunga una vijani vidogo sana. Jani pana likipigwa na jua huwa la moto kuliko hewa yenyewe, bali kijani kidogo hupozwa upesi na upepo. Na ukame ukizidi, mgunga huyaangusha yote.

Lakini hodari kupita wote ni mnyaa, huu tuupandao kuwa ua. (Jihadharini, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa.) Vijani vyake huanguka vingali vichanga, na kazi yao hufanywa na vijiti vyenye rangi ya majani. Navyo hufunga midomo mchana, jua linapowaka. Usiku, hewa ikiisha kupoa, huifungua, vikavuta kaboni dioksidi na kuiweka ndani kwa namna ya asidi. Kukicha midomo hufungwa tena, na akiba ile ya usiku hufanywa sukari kwa nuru ya mchana.