Viumbe Wasioonekana kwa Macho: Faida Zao na Madhara Yao kwa Wakazi wa Kisiwa cha Bwejuu



Mvuvi wa Bwejuu aingiapo baharini usiku wa giza huona maji yakimeta kila kasia linapozama. Mmeto huo si uchawi wala chumvi. Hutokana na viumbe wadogo mno, wasioonekana bila hadubini, ambao hutoa mwanga wanapotikiswa. Jamaa zao, vijimea vinavyoelea majini, hutengeneza takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani, na ndio msingi wa chakula cha dagaa na hata cha papa potwe, anayeonekana zaidi karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi.

Ng'ambo, katika mikoko ya delta ya Rufiji, jani likianguka topeni huozeshwa na bakteria na kuvu hadi likawa lishe ya kamba na kaa. Ile harufu ya yai viza inayopanda topeni ni ya bakteria waishio pasipo hewa, ambao hupumua kwa kutumia salfa iliyomo katika maji ya bahari. Binadamu, pamoja na ukubwa wake wote, hana uwezo huo. Mgema naye anawategemea: maji matamu ya mnazi huchacha kwa saa chache tu, na yakiachwa zaidi, bakteria wengine huyageuza kuwa siki.

Lakini wapo wanaodhuru, na hapo ndipo pa kuzingatiwa zaidi. Jodari, vibua na dagaa wana katika nyama yao kirutubisho kiitwacho histidini. Samaki hao wakikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa sumu iitwayo histamini. Mlaji huwashwa mwili, uso na shingo humwaka moto, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, na pengine huharisha. Dalili huanza baada ya dakika chache au saa kadhaa, na mara nyingi hudhaniwa kuwa samaki hampatani na mwili wake.

Jambo wasilolijua wengi ni hili: moto humuua bakteria, lakini hauiondoi histamini aliyokwisha kuitengeneza. Kuchemsha, kukaanga upya, kukausha wala kugandisha hakusaidii. Pua nayo haitoshi, kwani samaki mwenye sumu hiyo aweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo.

Kinga ni baridi, nayo huanzia chomboni, si sokoni. Samaki atiwe barafu mara tu avuliwapo, na atolewe matumbo mapema. Asiye na barafu amkinge samaki na jua, na ampike bila kukawia. Dagaa wachemshwe na kuanikwa mara wanaposhushwa, wasirundikwe kungoja wanunuzi. Samaki aliyelala bila barafu asiuzwe, wala asipelekwe kwenye shughuli ya watu wengi.

Mwenye dalili hizo, hasa akipata shida ya kupumua, awahishwe zahanati. Samaki aliyebaki chunguni asiliwe na mtu mwingine.