Mnadani Nje ya Kanisa, Nani Ashukuriwe?

Msikilizaji, kama umewahi kusali kwenye usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), hasa kule Kilimanjaro, unajua kwamba baraka ya mchungaji siyo mwisho wa shughuli. Watu wanatoka wakiimba, wanajipanga uwanjani, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa anasogezewa meza. Mezani pana mkungu wa ndizi, miwa, maziwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji, mayai machache ndani ya kikapu, na chini yake jogoo aliyefungwa miguu anawatazama washarika kwa dharau. Mnada unaanza.

Kuna wanaoudharau, wanasema kanisa limegeuzwa gulio. Siko upande wao. Fikiria mama aliyepekua nyumba nzima Jumamosi jioni asipate hata noti ya elfu moja. Lakini ana kuku, na kuku wametaga. Asubuhi mayai yake yamepita mbele ya madhabahu na kuombewa pamoja na bahasha za wenye mishahara, sala ile ile. Sasa inabidi yawe fedha, maana fundi wa bati halipwi mayai. Na hapo ndipo mwenye fedha anapopata nafasi ya kutoa bila mtu yeyote kunyoosha mkono kumwomba.

"Elfu mbili! Elfu tano kwa dada wa kitenge! Kumi, nani anaongeza?" Aliyeyapata mayai anasema, "Narudisha," yanarudi mezani, yanauzwa upya. Mwisho wa yote anakabidhiwa mgeni, au bibi mgonjwa aliyeshindwa kuja ibadani. Mayai ya mtu asiye na kitu yamezunguka mikononi mwa nusu ya usharika, na kila yalikopita yameacha fedha. Sijui mhasibu gani angebuni mpango mzuri kuliko huo.

Kinachonikera ni Desemba. Waliorudi kula Krismasi nyumbani wamejaa uwanjani, magari yamebanana hadi barabarani, na mnada unageuka mashindano. Mnadi anamtaja mnunuzi, anataja anakofanya kazi, anataja na ukoo wake. Makofi, vigelegele. Aliyeleta mayai amesimama nyuma karibu na ua, hakuna aliyemtaja. Kufikia bei ya elfu hamsini mayai yameshakuwa ya mnunuzi, na shukrani zote amezibeba yeye. Mnadi angeweza kabisa kuanza na aliyeleta, kama mwenyewe anaridhia kutajwa. Haigharimu hata senti.

Tunapenda sana kumhubiri mjane wa Marko 12, yule wa senti mbili, hasa paa likianza kuvuja. Mara chache tunarudi nyuma mistari michache tu, ambako Yesu anawakaripia waandishi wanaomeza nyumba za wajane. Anayeisoma sura ile yote atasita kumtumia mjane huyo kuwakamulia wajane wengine.

Lakini aliyehangaika kwa muda mrefu na suala hili la kutoa kati ya maskini na wenye nacho ni mtume Paulo. Alikuwa akikusanya mchango kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Makanisa ya Makedonia, yenyewe yakiwa kwenye umaskini mkubwa, yalimsihi yasiachwe nje. Korintho, mji wa bandari na biashara, walikuwa wameahidi tangu mwaka uliotangulia na bado walikuwa wanajivuta. Sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho ameziandika kama mtu anayedai deni kwa rafiki: anasifu, anabembeleza, anakumbusha, halafu anasema halazimishi mtu.

Alipowaandikia Warumi alinyooka zaidi. Mchango ule, alisema, ni deni: watu wa mataifa wamepata mambo ya rohoni kutoka Yerusalemu, basi wawahudumie wale kwa mambo ya mwilini. Yaani maskini wa Yerusalemu walikuwa wanalipwa haki yao. Kisha katika sura hiyo hiyo, ya 15, anaomba jambo ambalo wafadhili wetu hawaliwazi: anawaomba Warumi wamwombee ili huduma yake ikubaliwe na watakatifu. Mtu amebeba fedha, safari ni ndefu, na hofu yake mojawapo ni kwamba wenye shida watazikataa!

Kukataa kupo. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitangaza kwamba zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya alizotoa Rais William Ruto kwenye kanisa la Soweto, jijini humo, zitarudishwa, kwa sababu kanisa halitakiwi kuwa jukwaa la siasa. Waumini wa pale si matajiri, na nyumba ya padri iliyokuwa ijengwe kwa fedha zile ilikuwa inahitajika kweli. Wengine walinung'unika, nami siwalaumu.

Kwetu sijui tungefanyaje. Mtu akija Desemba na bahasha nene, mwaka wa uchaguzi uko karibu, nani mwenye haki ya kumwambia hapana: mchungaji, baraza la wazee, au pia yule mama wa mayai, ambaye kanisa ni lake kama la mwingine yeyote? Wazee mnaonisikiliza, liwekeni kwenye ajenda kabla magari hayajaanza kupanda kutoka Dar.