Mungu alikuwa wapi tulipokimbia?



Katika kazi yangu ya kutembelea waliorudia, swali hili nalisikia karibu kila nyumba. Mama anatoka Nyarugusu, anakuta mtu mwingine amejenga mu parsele yake. Bwana yake na watoto wawili alisha kuwazika kule. Jirani anamwambia: ni Mungu anakuazibu, chunguza zambi yako. Na mu chama wengine wanaanza kunong'ona: mtu wa mikosi hivi tumuingize kweli mu likelemba?

Wapendwa, Biblia haifundishi hivyo. Rafiki za Ayubu walipofika, walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipoanza kumwelezea kwamba anateswa juu ya makosa yake. Mwishoni Mungu alikemea wao, hapana Ayubu aliyekuwa analia na kuuliza. Yesu naye aliulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alifanya zambi, yeye ao wazazi wake? Alikataa yote mawili. Na wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wabaya kupita wengine.

Sasa Mungu yuko wapi? Zamani walimu wengi wa Kanisa walifundisha kwamba Mungu hawezi kuumia, juu yeye habadiliki. Jürgen Moltmann, Mjerumani, aliuliza upya. Mwaka wa 1943, angali kijana, mabomu yaliangukia Hamburg, mji wake, yakaua rafiki aliyesimama karibu naye. Akapelekwa vitani, akakamatwa na Waingereza, akarudia kwao mwaka wa 1948. Na yeye alijua kurudia ni nini! Mu kifungo alisoma kilio cha Yesu msalabani, akaona: huyu ananielewa. Mwaka wa 1972 alitoa kitabu kinachofundisha kwamba pale msalabani Mungu mwenyewe aliingia ndani ya mateso yetu.

Wachungaji wetu hawatakubaliana naye yote, na si lazima. Vita vyetu vililetwa na watu wenye bunduki na tamaa, tusimsingizie Mungu. Lakini kama Yesu alilia pale, basi tunajua wapi pa kumtafuta leo: kando ya ule mama.

Njo maana naomba mambo matatu. Wafazili, mabati munayotuma yaanzie kwa wale wanaoitwa watu wa mikosi. Wamemba, mama kama huyo apewe zamu mu likelemba sawa na wengine, na wawili kati yetu wamsindikize kwa chefu juu ya parsele yake. Na tukifika kwake, tukae kwanza, tunyamaze, tumwache aseme.